Mjadala: Sifa za Mãe Preta wa Brazili, ni heshima au ni kufunika madhila?

Mleta mada:
Wakuu, hili linaniuma. Wabrazili humwita Mãe Preta, yaani Mama Mweusi: mwanamke mtumwa aliyenyonyesha na kulea watoto wa bwana. Magazeti ya karne ya 19 yalijaa matangazo ya kumkodisha, sifa yake kuu wingi wa maziwa. Sasa, maziwa hayaji mpaka mtu azae. Mwanawe mwenyewe alinyonya wapi?

Wimbo "Mãe Preta" wa Caco Velho na Piratini angalau haukuficha uonevu. Bibi mwenye mvi anambembeleza mtoto wa bwana, na kule kwenye mabanda ya watumwa mpenzi wake anachapwa mjeledi. Bibi anafuta chozi, anaendelea kubembeleza. Ureno ya dikteta Salazar ilipiga marufuku maneno hayo. Muziki wenyewe waliupenda, wakautilia maneno mengine ya mashua na bahari, mwimbaji wao Amália Rodrigues akauimba kwa jina la "Barco Negro" (Mashua Nyeusi). Kumbe kilichowachoma ni ule mjeledi!

Ndiyo maana siitaki sanamu ya Mãe Preta iliyosimamishwa kwenye uwanja wa Largo do Paissandu, jijini São Paulo, mwaka 1955. Mama ananyonyesha, basi. Mtazamaji anaondoka na utamu mtupu.

Mchangiaji:
Ndugu yangu, taratibu. Heshima hiyo hawakuitaka Wazungu peke yao. Miaka ya 1920 gazeti la Weusi wa São Paulo, O Clarim da Alvorada, lilipigania tarehe 28 Septemba iwe siku ya Mãe Preta. Na pale kwenye sanamu watu hupeleka maua na kuwasha mishumaa. Utawaambia nini, kwamba bibi yao wasimkumbuke? Huyo hakuwa titi tu. Mpaka leo Mbrazili humwita mtoto wa mwisho *caçula*, neno la Kimbundu cha Angola, kama sisi tunavyosema kitindamimba. Wabantu wenzetu hao wameacha lugha yao ndani ya nyumba za watu waliowamiliki.

Mleta mada:
Kwa maua umenishinda, nilikaza mno. Lakini itazame hiyo tarehe. Sheria ya 28 Septemba 1871 ilisema mtoto wa mtumwa anazaliwa huru. Huru gani? Bwana alikaa naye hadi miaka 8, kisha akachagua mwenyewe: apokee fidia ya serikali, au amtumikishe hadi atimize miaka 21. Utumwa ukafutwa 13 Mei 1888, bila kipande cha ardhi wala ujira wa miaka iliyopita. Wafanyakazi wa ndani, wengi wao wanawake Weusi, walisubiri marekebisho ya katiba ya 2013 ndipo saa zao za kazi zikawekewa kikomo.

Basi sanamu ibaki. Ila pale chini yake yachongwe maneno yale ya mjeledi yaliyokatazwa Ureno, anayeinama kuweka ua ayasome.