Mjadala: Timu za vikosi zinaibeba Ligi Kuu ya Zanzibar, au zinaikalia?

Ndugu zangu, mjadala huu ulifunguliwa kwa hoja nzito: timu za vikosi, yaani zinazomilikiwa na vyombo vya ulinzi na usalama, ziondolewe katika Ligi Kuu ya Zanzibar na zitafutiwe mashindano yao, ili klabu za uraiani zipate kupumua. Waliojibu wakasema ukiziondoa hizo, utakuwa umeiondoa na ligi yenyewe. Nakubaliana nao, lakini sidhani kama jibu hilo limegusa kinachomuuma aliyeanzisha hoja.

Tuanze na yasiyobishaniwa. Vikosi vya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ) ni vitano, yaani KMKM (kikosi cha kuzuia magendo), JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi), KVZ (Kikosi cha Valantia), Zimamoto na Mafunzo (magereza), na vyote vina timu za mpira. Nje ya hivyo wapo Polisi na Uhamiaji, ambao ni wa Muungano. Baada ya Super Falcon ya Pemba kutwaa ubingwa mwaka 2012, kombe likahamia kambini: KMKM 2013 na 2014, Mafunzo 2015, Zimamoto 2016, JKU 2017 na 2018, KMKM 2019, kisha KMKM hao hao mara tatu mfululizo kuanzia 2021 hadi 2023, na JKU tena 2024. Katika misimu hiyo 12 ni Mlandege, klabu ya uraiani, peke yao waliopenya, mwaka 2020, na wakarudia 2025. Bingwa ndiye anayetuwakilisha Ligi ya Mabingwa Afrika, kwa hiyo hatuzungumzii kikombe cha kuweka kabatini tu.

Wapo wanaosema sababu ni waamuzi. Mimi nasema ni ajira. Mchezaji wa kikosi ana mshahara wa serikali unaoingia mwisho wa mwezi hata akiwa na plasta mguuni, anapanda vyeo, na siku anapostaafu soka anabaki na kazi yake. Klabu ya mtaani inampa nauli ya daladala, na siku ya ushindi bakuli la urojo.

Niliwahi kuwa katibu wa klabu ndogo ya mjini. Tulikuwa na winga wa kushoto tuliyemlea tangu timu ya Juvenile, daraja la watoto, akapanda Junior, akapanda Central ya vijana, hadi akaingia timu kubwa. Jioni moja, katikati ya msimu, akaja mazoezini amevaa viatu vya ngozi badala ya njumu, akanivuta nyuma ya goli na kutoa mfukoni barua iliyokunjwa mara nne. "Kaka katibu, nimeitwa kozi ya kikosi." Mama yake alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara, akiniangalia mimi, si mwanawe. Ningemwambia nini mzazi yule? Nilimpa kijana mkono. Msimu uliofuata tulimwona akitufunga akiwa na timu ya kikosi, na klabu haikuwa imepata hata mpira mmoja kwa miaka yote ile.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaotaka vikosi vifukuzwe, kwa sababu kijana yule hakukosea, wala kikosi hakikumdhulumu yeye. Kiungo Feisal Salum alionekana akiwa JKU kabla hajavuka kwenda Yanga mwaka 2018, na beki Ibrahim Bacca alitoka KMKM. Ukivunja timu hizo leo, utawavunjia vijana ngazi pekee iliyo imara, na utabaki na ligi ya klabu zinazochangishana pesa za maji ya kunywa. Mlandege kuifunga Simba 1-0 na kuchukua Kombe la Mapinduzi Januari 2024, mara yao ya pili mfululizo, kulitupa raha isiyo kifani (mimi mwenyewe sauti ilinikauka siku mbili), lakini mashindano ya wiki mbili si msimu mzima.

Ninachopendekeza ni kutenganisha ajira na usajili. Kikosi kikimwajiri mchezaji wa klabu ya uraiani, kazi aipate siku hiyo hiyo, lakini amalizie msimu na klabu iliyomsajili kwa kiasi ambacho mafunzo yake yanamruhusu. Na akihamia timu ya kikosi, klabu iliyomlea ilipwe fidia inayohesabiwa kwa miaka ya malezi na iliyoandikwa katika kanuni za ligi, hata kama italipwa kwa jezi na mipira.

Tusisubiri kuletewa kanuni hiyo kutoka nje. Fidia ya malezi ya FIFA inahusu wachezaji wanaohama kutoka nchi moja kwenda nyingine, nasi si wanachama wa FIFA. Hata uanachama kamili wa CAF, shirikisho la soka la Afrika, tulioupata Machi 2017 ulifutwa Julai ya mwaka huo huo. Mwenye kalamu hapa ni ZFF, shirikisho letu la soka la Zanzibar.

Najua nitajibiwa kwamba bajeti ya kikosi haina fungu la kumlipia mchezaji. Basi naomba mchangiaji yeyote aliyewahi kukaa katika kamati ya usajili ya timu ya kikosi atueleze njumu, kambi na posho za mechi hutoka fungu gani, na kwa nini fungu hilo lisiweze kubeba seti moja ya jezi kwa klabu iliyomfundisha kijana kupiga krosi.