Miti ya uwanjani inadumaa: tatizo ni maji au ni shimo?

Mchora Vivuli:
Wakuu, habari zenu. Nina mwaka wa tatu kwenye ofisi ya usanifu wa mandhari na miji. Uwanja wa kwanza niliochora mwenyewe tulipanda miti 24, kila mmoja kwenye shimo la mita moja kila upande, na kuzunguka ni vitofali na zege. Siku ya kukabidhi ulipendeza, picha zikapigwa. Juzi nimepita: majani yameungua nchani, na mti mmoja nilipousukuma kwa kiganja ulicheza kama jino linalotaka kung'oka. Bosi anasema wamwagiliaji ni wavivu. Sijashawishika. Sasa kuna mteja mwingine anataka vilevile, tena miti iwe mikubwa tangu siku ya kwanza. Namwambiaje?

Fundi Udongo:
Mkuu, maji yaache kwanza. Futua udongo shinani kwa mkono. Mti uliopandwa vizuri hutanuka pale shina linapoingia ardhini. Ukilikuta limezama wima kama nguzo, mmeufukia.

Halafu hapo roli la kushindilia limepita, naweka dau. Udongo ulioshindiliwa mpaka ubebe vitofali hauna hewa, na mzizi unapumua. Mizizi mingi inayolisha mti haizami kama watu wanavyodhani. Inatambaa karibu na juu, hadi nje ya kivuli cha matawi. Shimo lako ni chungu cha maua tu! Yaunganishe mashimo yawe mtaro mmoja chini ya sakafu, ujaze kokoto kubwa zibebe uzito, udongo ukae kwenye mianya. Stockholm wanapanda miti ya barabarani hivyo.

Bibi Miche:
Mwanangu, huyo wa miti mikubwa mwambie ukweli: mti mkubwa ukichimbuliwa unaacha sehemu kubwa ya mizizi ulikotoka, kisha unakaa miaka ukijiuguza. Mdogo unashika upesi, na mara nyingi unaufikia.

Akibisha, omba kipande cha majaribio. Singapore, kabla ya kugeuza mfereji wa zege wa kilomita 2.7 kuwa mto wa kupindapinda wa kilomita 3.2 katika bustani ya Bishan-Ang Mo Kio, walijaribu kwanza mimea na mawe ya kingo kwenye mfereji mdogo wa pembeni. Bustani ikafunguliwa 2012. Nyie vijana mnachora matawi kwa rangi tatu, chini ya mstari wa ardhi mnaacha karatasi nyeupe.

Mchora Vivuli:
Bibi, hilo la karatasi nyeupe limenipata, nimefungua mchoro wangu wa mkato na ndivyo ulivyo. Leo asubuhi nimefutua ule unaocheza. Shina limeanza kutanuka sentimita 14 chini, na gunia na waya wa kusafirishia bado vimefungwa kwenye donge la mizizi. Nimepiga picha, nimemtumia bosi. Hajajibu.