Tupeane uzoefu: tenki lako la samaki liliwahi kukuliza?

Mzee wa Gapi
Wakuu, habari za jioni. Leo nimemwona mtoto wa jirani kabeba gapi mmoja (wale samaki wadogo wa mapambo) kwenye mfuko wa nailoni, anajigamba: "Huyu jike, nitamweka peke yake, hazai ng'o." Nimecheka peke yangu. Mimi nilichukua majike watupu kwa makusudi, sitaki vurugu za vitoto. Haukupita muda naona vitu vyenye macho makubwa vimejibanza nyuma ya chujio, nikadhani viluwiluwi vya mbu! Haya, kila mtu amwage yake: ugonjwa, kulisha, dume na jike, chochote.

Bi Mapezi
😂😂 Jike la gapi halijagi mikono mitupu. Likishapandwa mara moja linatunza mbegu za dume kwa miezi, linazaa, linapumzika, linazaa tena. Wangu alizaa na kuzaa bila kuona hata kivuli cha dume.

Kibua
Huo si muujiza?

Bi Mapezi
Muujiza gani, mdogo wangu. Ndivyo walivyoumbwa. Moli, plati na mkia-upanga, samaki wengine wa mapambo, nao wako hivyo hivyo.

Dagaa Mkuu
Naunga mkono hoja.

Baba Watoto Wengi
Ngoja niwape yangu, ila mkae vizuri maana ni ndefu.

Nilisafiri kikazi, tenki nikamwachia shemeji. Maagizo yalikuwa mafupi: chakula kidogo asubuhi, basi, usiguse kingine. Sasa shemeji yangu ni mtu wa usafi, akikuta kikombe kimekaa kwenye sinki hapati usingizi. Akaona sponji la chujio lina utope wa kahawia. Akaona maji yana unjano (ni ule mti niliouweka ndani, unatoa rangi). Kwake huo ni uchafu, samaki wanateseka!

Akawatoa wote kwenye ndoo. Maji akamwaga yote. Kokoto akazisugua kwa mikono moja baada ya nyingine. Sponji akalikamua chini ya bomba mpaka likarudi kuwa jeupe. Akajaza maji ya bomba hapo hapo, akawarudisha, akanitumia picha: "Shem, ona sasa nyumba ya samaki." Jamani lile tenki liling'aa, sijawahi kuliona vile. Mimi huko niliko miguu ikaisha nguvu.

Jioni akanipigia: "Mbona wote wako juu wanahema?" Nikamwambia asiwape chakula kabisa. Akajibu: "Nimeshawapa mara mbili, niliona wamenyong'onyea." Nikataka kulia. Neoni, wale samaki wadogo wa mstari wa buluu, ndio walitangulia, rangi ikafifia, mapezi wameyabana mwilini, mashavu mekundu. Kila nikipiga simu napewa taarifa ya msiba mwingine. Narudi nyumbani nakuta korido mmoja (yule kambale mdogo wa chini ya tenki) na konokono. Shemeji macho yamevimba kwa kulia, mke wangu amenikazia macho kabla sijafungua mdomo. Nikasema tu, "Asante kwa kuwaangalia."

Ule utope wa kahawia kwenye sponji ndio makazi ya bakteria wanaogeuza amonia ya mikojo na kinyesi kuwa nitriti, halafu nitreti ambayo haina ukali ule. Tenki jipya linachukua wiki 4 hadi 6 kuwajenga. Shemeji aliwamaliza kwa nusu saa.

Dagaa Mkuu
Daah. Poleni sana. Korido alipona?

Fundi Chujio
Pole mkuu, ila kilichoua ni klorini ya bomba, sio amonia. Amonia haifanyi kazi haraka hivyo.

Baba Watoto Wengi
Na wale waliokufa siku zilizofuata, nao klorini?

Fundi Chujio
Klorini inachoma mashavu, samaki anaweza kujikongoja siku kadhaa.

Bi Mapezi
Zote mbili zimeua, acheni kubishana juu ya maiti. Sponji linasuuzwa kwenye maji uliyotoa ndani ya tenki lenyewe, kwishne. Maji ya bomba unatia dawa ya kuondoa klorini, au unayaacha wazi saa 24.

Fundi Chujio
Kuyaacha wazi kunasaidia kama ni klorini tupu. Kama wametia kloramini (klorini iliyochanganywa na amonia) utasubiri mpaka uzeeke, hapo ni dawa tu.

Chewa
Mimi naosha chujio bombani kila wiki, miaka nenda rudi, hawafi. Mnatishana bure.

Bi Mapezi
Una tenki au una ndoo ya samaki wa kukaanga?

Kibua
😂😂😂 Shemeji alisamehewa lakini?

Baba Watoto Wengi
Nani anaweza kutomsamehe shemeji? Korido yupo, kanenepa.

Mzee wa Gapi
Nimefungua uzi wa gapi, sasa ni uzi wa shemeji. Turudi kwenye mada wakuu.

Tumbo la Molly
Wangu wana vidoa vyeupe mwili mzima kama chumvi iliyonyunyizwa, wanajikwaruza kwenye mawe. Nifanyeje?

Chewa
Tia chumvi, pandisha joto, lala.

Fundi Chujio
Kama ana korido chumvi aiache, hawaipendi. Joto alipandishe polepole hadi nyuzi 29 au 30 na pampu ya hewa iongezwe, maana maji ya moto hayabebi oksijeni nyingi. Na dawa ya vidoa usiikatishe vikipotea! Kimelea anayeleta vidoa akiwa ndani ya ngozi dawa haimfikii. Anadondoka chini, anazaana, vitoto vyake vikianza kuogelea kutafuta samaki ndipo dawa inavikamata.

Dagaa Mkuu
Hili la kukatisha dawa linaua wengi.

Kibua
Na dume la gapi nalijuaje? Nimeambiwa niangalie rangi.

Bi Mapezi
Rangi inadanganya wakiwa wadogo. Angalia pezi la chini, lile la nyuma ya tumbo. La dume limekuwa jembamba na limechongoka kuelekea nyuma, la jike limetanuka. Jike pia ana doa jeusi karibu na pezi hilo, linakolea akikaribia kuzaa. Dume mmoja mpe majike wawili watatu, la sivyo atamkimbiza mmoja mpaka azimie.

Tumbo la Molly
Mkia-upanga wangu niliyemwita jike kaota upanga 😳

Mzee wa Gapi
Hajageuka huyo, ni dume aliyechelewa kukua. Wapo.

Kibua
Swali la mwisho. Nasafiri siku tatu, nani awalishe?

Baba Watoto Wengi
Asiwalishe mtu. Wakubwa wenye afya wanavumilia bila shida. Bora njaa kuliko shemeji.

Bi Mapezi
Ila kama kuna vitoto vya gapi, hivyo havivumilii, vinataka kula kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku. Gawa chakula kwenye vikaratasi, kila mlo na chake, pakiti yenyewe ifungie kabatini uondoke na ufunguo.