Kura 148 dhidi ya 5: watu wa Tristan da Cunha walipima nini walipoiacha Uingereza?

Mwalimu wa Ramani

Ndugu zangu, ninafundisha jiografia, na mwezi ujao wanafunzi wangu wa kidato cha tatu watakuwa na mdahalo wa kulinganisha maisha ya taifa kubwa na maisha ya eneo dogo lililo mbali na kila kitu. Nimechagua Uingereza kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili Tristan da Cunha, kisiwa kilicho chini ya Uingereza hiyohiyo katika Atlantiki ya Kusini. Kina wakazi wapatao 240, wote katika kijiji kimoja kinachoitwa Edinburgh of the Seven Seas, na majirani zao wa karibu wako katika kisiwa cha Saint Helena, umbali wa kilomita zipatazo 2,400. Uwanja wa ndege hakuna. Anayekwenda huko hupanda meli Cape Town na kukaa baharini karibu wiki nzima, bahari ikiwa na huruma.

Nilipoanza kuandaa somo niliona aibu kidogo, kwa sababu mdahalo ulionekana umekwisha kabla ya kuanza: ukihesabu hospitali, vyuo, ajira, barabara au maduka, kisiwa hakina hata pa kuanzia kujitetea. Ndipo nikasoma habari za mwaka 1961. Mwezi Oktoba mwaka huo volkano ililipuka ubavuni mwa kijiji, na wenyeji wote 264 wakahamishwa, kwanza hadi kisiwa jirani cha Nightingale ambacho hakina watu, kisha Cape Town, na hatimaye Southampton, Uingereza. Walipewa makazi, watu wazima wakapata kazi, watoto wakaingia shule. Lakini mwezi Desemba 1962, walipoulizwa kwa kura kama wanataka kurudi, 148 walisema ndiyo na 5 tu wakakataa, na kabla mwaka 1963 haujaisha wengi wao walikuwa wamekwisha kurudi.

Nikiwaambia wanafunzi kwamba ni mapenzi ya nyumbani, watalikubali jibu hilo upesi mno na kulala. Watu hawa waliishi pande zote mbili ndani ya miaka miwili, jambo ambalo wengi wetu tunaobishana juu ya ukubwa na udogo hatujalifanya. Je, mnadhani waliweka nini kwenye mizani?

Muuguzi wa Usiku

Shikamoo Mwalimu. Huu ni mwaka wangu wa tisa Southampton, na Calshot, kambi ya zamani ya jeshi la anga ambamo watu wale waliwekwa kuanzia mwanzoni mwa 1962, haiko mbali na ninapoishi. Nilikwenda kupaona. Ni ulimi wa changarawe unaoingia majini, wenye upepo usiokoma, na nilijiuliza kama aliyewachagulia mahali pale alidhani kwamba mtu wa kisiwani akiwekwa karibu na maji atatosheka.

Nianze na afya, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, na kwa kuwa wengi hudhani hapo ndipo taifa kubwa hushinda bila ubishi. Kisiwani ilijulikana tangu zamani kwamba meli ikitia nanga, siku chache baadaye kijiji kizima kinakohoa. Mafua yalikuja na wageni na kuisha yenyewe baada ya meli kuondoka. Sasa watu hao waliletwa Uingereza mwanzoni mwa majira ya baridi, katikati ya mamilioni ya watu wanaoambukizana kila siku, wakiwa na miili isiyowahi kukutana na magonjwa hayo kwa wingi kiasi hicho. Waliugua sana vifua, na baadhi ya wazee walifariki. Kwao hospitali kubwa na ugonjwa vilifika siku moja.

Hata hivyo sitaki wanafunzi wako wadhani kwamba udogo ni kinga. Karibu wenyeji wote wa Tristan wanatokana na waasisi wapatao 15 tu, na kati ya waasisi hao walikuwamo wenye pumu, kwa hiyo ugonjwa huo umeenea kisiwani kwa kiwango kikubwa hata watafiti kutoka Toronto wakaenda huko kuchunguza urithi wake. Katika nchi ya watu zaidi ya milioni 65 urithi wa mtu mmoja hupotea kama chumvi katika bahari. Kwenye watu 240, bibi mmoja wa karne ya 19 bado anaonekana katika kila kaya.

Siku hizi kisiwa kina hospitali mpya, iliyofunguliwa mwaka 2017, na daktari anayekaa hapo. Mgonjwa anayehitaji upasuaji mkubwa sharti asafirishwe hadi Cape Town, yaani asubiri meli. Mimi nafanya kazi katika jengo lenye bingwa wa kila kiungo cha mwili, na nimewaona wagonjwa wakisubiri miezi kumwona bingwa ambaye ofisi yake ipo ghorofa ya juu yao. Sisemi kwamba kusubiri huku na kule ni sawa, maana anayetokwa na damu usiku wa leo ni heri awe Southampton mara mia. Ninachosema ni kwamba umbali haupimwi kwa kilomita peke yake, na kwamba kule kisiwani anayekupokea mlangoni anamjua mama yako, anajua ulivyoanguka ukiwa mtoto, na kesho atakutana nawe njiani. Jambo hilo lina faida yake na lina mzigo wake. Ugonjwa ambao usingependa mtu aujue, huko utajulikana kabla ya chakula cha mchana.

Baharia Mstaafu

Nimewasoma wote kwa heshima, lakini naona mnapamba. Nilifanya kazi katika meli kwa miaka mingi, Cape Town nikiingia na kutoka, na watu wanaozijua bahari za kusini hawakisemi kisiwa kile kwa sauti ya mashairi. Bandari yake ni ndogo mno kwa meli. Meli husimama nje, na watu na mizigo hushushwa kwa vyombo vidogo pale tu mawimbi yanaporuhusu. Yasiporuhusu, unakaa siku kadhaa ukiutazama mji uliosafiri wiki nzima kuufikia, na nahodha akiamua kugeuka, unageuka naye. (Bandari hiyo, iliyojengwa baada ya kurejea kwao, waliiita Calshot. Nadhani Mwalimu atalipenda hilo.)

Hoja yangu ni kwamba katika sehemu ndogo hakuna ajali ndogo. Mwezi Februari 2008 kiwanda cha kusindika kamba koche kiliungua. Kamba hao ndio uti wa mgongo wa uchumi wa kisiwa, wakisaidiwa na mauzo ya stempu kwa wakusanyaji wa duniani kote, na jenereta za umeme wa kijiji zilikuwa palepale kiwandani. Kwa moto mmoja, jamii nzima ilipoteza kazi na taa. Mwaka 2011 meli iliyobeba soya ilikwama kwenye miamba ya Nightingale, mafuta yakamwagika, maelfu ya ngwini wakapakaa mafuta, na uvuvi ukasitishwa kuzunguka kisiwa hicho. Uingereza kiwanda kikiungua ni habari ya jioni katika wilaya moja, na kesho yake watu wanaendelea na shughuli zao.

Tena tuseme ukweli kwamba Tristan haisimami peke yake. Hospitali ile mpya ilijengwa kwa fedha za Uingereza, na mizigo yote hutoka Cape Town. Kwa hiyo unapolinganisha taifa kubwa na kisiwa kidogo, Mwalimu, hulinganishi vitu viwili vilivyo mbalimbali. Unalinganisha mwili na kidole chake. Na kuhusu kura, usiishie 1963. Baadhi ya waliorudi kisiwani waliondoka tena miaka michache baadaye kwa hiari yao, wakaenda kuishi Uingereza. Wasimulizi wa habari hii tamu huwasahau hao kila mara.

Msoma Sheria

Baharia ana haki katika mengi, ila mfano wa mwili na kidole unaficha jambo ambalo mimi naliona kuu, nalo ni nani ana sauti na nani ana mali.

Historia yenyewe inasaidia. Mwaka 1816 Uingereza ilipeleka kikosi cha askari Tristan kwa sababu Napoleon, mtawala wa Ufaransa aliyeshindwa vitani, alikuwa amefungwa Saint Helena, na ilihofiwa Tristan ingetumiwa na waliotaka kumtorosha. Kikosi kilipoondolewa mwaka 1817, koplo mmoja, William Glass, alibaki na mkewe na wenzao wachache, nao wakaandikiana mkataba kwamba mifugo na akiba ni mali yao wote kwa usawa, na kwamba hakuna atakayejifanya mkubwa juu ya mwenzake. Mikataba ya aina hiyo huandikwa kila mahali na kusahauliwa baada ya mavuno ya kwanza. Huu roho yake imedumu: hadi leo ardhi ya kisiwa ni ya jamii nzima, idadi ya mifugo kwa kila kaya ina mpaka ili malisho yasiishe na ili mmoja asiwapite wengine mno, na kila familia ina vijishamba vyake vya viazi nje kidogo ya kijiji. Mgeni hawezi kununua ardhi wala kuhamia kwa sababu tu ana fedha, na hata kutembelea kunahitaji idhini ya Baraza la Kisiwa.

Hapo tazameni jinsi haki zinavyoelekea upande mmoja. Tangu mwaka 2002 wenyeji wa Tristan, kama wale wa Saint Helena, ni raia kamili wa Uingereza wanaoweza kuishi na kufanya kazi huko bila kuomba ruhusa. Mwingereza wa Southampton hawezi kufanya vivyo hivyo kwao. Kidogo kina mlango wa kuingia kwa mkubwa, na mkubwa akifika kwa kidogo anabisha hodi. Kwa upande mwingine, watu wa Tristan hawana mbunge London, na sheria nzito na fedha nzito huamuliwa huko.

Sasa rudi kwenye kura ya 1962. Waliopiga kura walikuwa 153. Jimbo moja la uchaguzi nchini Uingereza lina wapiga kura wapatao 70,000 au zaidi. Mtu aliyezoea kwamba neno lake linaweza kugeuza uamuzi wa mji mzima aliletwa mahali ambapo alipewa nyumba na mshahara, lakini akawa tone. Alikuwa mvuvi, mkulima na mjenzi wa paa lake mwenyewe, na kisiwani siku ya uvuvi hutangazwa alfajiri kwa kugonga chuma, kila mtu akajua la kufanya. Uingereza akawa mfanyakazi wa zamu katika kiwanda cha mtu asiyemjua. Sidhani walikataa faraja. Naona walikataa kuwa wageni waliohifadhiwa.

Na Mwalimu, usiiache Saint Helena. Ina watu zaidi ya 4,000, na ndege za abiria za ratiba zilianza Oktoba 2017. Mwaka uliofuata meli iliyowahudumia kwa miongo mingi ikastaafishwa. Vijana wake wameendelea kuhama kutafuta mishahara katika visiwa vya Ascension na Falkland, na Uingereza. Ndege huleta watalii, na ndege hiyohiyo huondoa watoto wa watu.

Mwalimu wa Ramani

Ahsanteni sana. Nimeamua kuibadili mada ya mdahalo. Badala ya kuuliza wapi maisha ni bora, darasa litajifanya lile baraza la Calshot la Desemba 1962, kila mwanafunzi akipewa umri na kazi, kisha watapiga kura ya siri. Baharia, hoja yako kuhusu walioondoka tena nitaitoa baada ya matokeo kutangazwa, wakiwa wameshalewa ushindi.

Baharia Mstaafu

Hapo umenipata. Ila nikuombe jambo moja: wanafunzi watatu au wanne wape umri wa miaka 16. Shule ya kisiwani huishia karibu na umri huo, na anayetaka kuendelea sharti aende ng'ambo. Waache hao wazungumze mwisho, tena mbele ya wanaoigiza wazazi wao.

Muuguzi wa Usiku

Na mmoja mpe pumu.