Naomba ushauri: meli ya watalii bandari ya Kilindini, Mombasa, wageni wanne, Ijumaa moja tu

Wakuu, meli inafunga gati saa 2 asubuhi, abiria warudi saa 9 alasiri. Mgeni mmoja anatembelea mkongojo.

Nimepanga tuktuk mbili (kila moja hubeba watatu) hadi Fort Jesus mapema, maana juu ya kuta za ngome hakuna kivuli. Kisha Mji wa Kale kupitia Ndia Kuu, tuuone Msikiti wa Mandhry kwa nje, tumalize kabla ya swala ya Ijumaa. Ufuo wa Diani, kusini, nimeufuta: foleni ya feri Likoni haitabiriki, na meli haimsubiri mtu.

Ngazi za ngomeni zina pa kushika? Haller Park (hifadhi ya wanyama huko Bamburi) itawezekana, au Daraja la Nyali litatukwamisha tukirudi? Na tuktuk ikisubiri saa nzima, siku hizi wanatoza ngapi?