Dawa mseto kwa watoto: damu mara kumi kwa kila mtoto, au mara tatu kwa watoto wengi?

mpanga_studi: Wakuu habari. Tunaandika protokali (mpango wa utafiti) ya kupima ALu, dawa mseto ya artemeta na lumefantrini, kwenye damu ya watoto wa chini ya miaka 5 wenye malaria. Timu imegawanyika, wengine wanataka kila mtoto atolewe damu mara kumi tupate mchoro mzima wa dawa inavyopanda na kushuka, wengine wanasema tatu zinatosha ila watoto wawe wengi halafu modeli ya hesabu iwasome kwa pamoja. Mngechagua ipi?

nesi_wodi3: Tatu. Mtoto wa kilo 10 ana damu kama ml 800 mwili mzima, na mwongozo wa Ulaya unasema isizidi 1% kwa mara moja wala 3% ndani ya wiki nne, yaani ml 24. Kumi mara ml 2 ni 20 tayari, na huyo ni mtoto ambaye malaria imeshampunguzia damu. Mama akiona mwanae anachomwa mara ya nne anambeba anaondoka, na mi simlaumu.

mzee_wa_plazma: Dada yuko sahihi kwa watoto, ila kwa watu wazima wenye afya mara kumi ndo njia nyoofu, unapiga hesabu bila kubahatisha umbo la modeli. Shida ya kutoa damu mara tatu tu ni saa mnazochagua. Artemeta inapungua nusu ndani ya masaa machache tu, ukikosa mwanzo umeikosa. Lumefantrini inakaa siku kadhaa ndo maana watu wanaipima siku ya 7, ikiwa chini ya nanogramu 200 kwa ml ugonjwa kurudi ni rahisi zaidi. Wagawe makundi, hawa saa la 1 na la 4 baada ya dozi, wale la 2 na la 8, wote siku ya 7.

mpanga_studi: Na tone la kidole kwenye karatasi je? Friza ya kuhifadhi sampuli kule kijijini hakuna.

mzee_wa_plazma: Inawezekana, ila hiyo 200 ni ya plazma (maji ya damu bila chembe) ya mshipa, na damu ikiwa nyepesi tone linasambaa tofauti. Wachache wapimeni njia zote mbili mlinganishe.

data_usiku: Jamani muda!! Kuna studi niliona lumefantrini imepanda kabla mtoto hajameza dozi, nikahangaika na modeli wiki nzima, kuja kufungua fomu nesi kaandika dozi 06:00, damu "saa 2" akimaanisha saa mbili asubuhi, aliyeingiza kaweka 02:00. Masaa sita hayo. Andikeni pia mtoto kala nini, lumefantrini inataka mafuta, maziwa kidogo tu yanabadilisha kabisa, na kama katapika. Softiwea ya modeli isiwatishe, NONMEM ni ya leseni ila nlmixr2 ni bure ndani ya R.

mpanga_studi: Asanteni sana. Naenda na makundi, na kila meza ya kutolea damu nanunua saa ya kidijitali ya masaa 24. dada nesi, kanula moja (kibomba kinachobaki mshipani) inaweza kukaa hadi saa la 8 kwa mtoto wa mwaka mmoja?

nesi_wodi3: Inakaa, mfunge bandeji vizuri na mama awe amempakata. Ya siku ya 7 ndo mtamchoma upya.