Mkenya anaishi Arusha, wateja wako Nairobi: kodi achukue nani?

Wakuu habari, tujadili bila matusi. Kuna Mkenya jirani yangu hapa Arusha, kibali anacho, anafanya kazi za ushauri wa mifumo ya kompyuta kwa kampuni za Nairobi, anakaa na laptopu yake sebuleni basi. Akilipwa, mteja anamkata asilimia 5 inaenda KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, kwa sababu kule nyumba ya kudumu anayo na kila mwaka lazima aende kusalimia, kwa hiyo kwa sheria ya kodi ya kwao bado mkazi. Huku nako siku 183 za kukaa nchini kwa mwaka, zinazomfanya mtu mkazi, ameshazipita kitambo, TRA, mamlaka ya kodi ya Tanzania, nao wanamwambia wewe ni mkazi wetu, leta makadirio ulipe kwa awamu nne. Mimi nasema alipe anapoishi, Nairobi waachie. Mnaonaje?

---

Wacha bana, unasema hivyo juu uko upande huo. Hiyo pesa imelipwa na kampuni ya Kenya, na hiyo kampuni inaiandika kama gharama ndio ilipe kodi kidogo. KRA ikiachilia na ya huyo jamaa inabaki na nini? Halafu hiyo 5 si mwisho wa maneno, lazima afaili ritani ya mapato yake yote kufikia 30 Juni, balansi ikiwepo analipa. Watu husahau hapo.

---

Wote wawili mnazunguka tu. Kisheria kila nchi ina haki yake, ndo shida yenyewe. Yeye anadhani akipeleka TRA cheti cha makato ya KRA atapunguziwa. Nafuu ipo ndio, ila ni kwa pato lililotoka nje, na kazi aliyoifanyia Arusha sheria yetu inaihesabu imepatikana hapahapa hata kama mlipaji yuko Nairobi. Wa kumwokoa ni mkataba wa Afrika Mashariki wa kuzuia kodi mara mbili, ulisainiwa 2010, haujaanza kazi mpaka leo maana nchi zote hazijauridhia. Angetokea Zambia au Afrika Kusini angepona, hao tuna mkataba nao.

---

Yaani wa Zambia anao, wa kuvuka Namanga tu hana?? Na makao makuu ya Jumuiya yako hapahapa Arusha, mjini kabisa! Miaka yote hiyo tunaambiwa soko la pamoja, kumbe soko la nyanya, jasho la mtu halimo. Sasa si aachane na ukazi wa Kenya yaishe?

---

Aachane vipi mkuu, auze nyumba? Au asikanyage Kenya mwaka mzima, hata msiba wa mama yake asiende? Na akifanikiwa ndo balaa, asiye mkazi hakatwi 5 tena, raia wa Afrika Mashariki kwenye ada za ushauri anakatwa 15, na hiyo TRA hawaitambui vilevile.

---

Sasa hapo mnashangaa nini vijana wakinyamaza kimya na hela zao za mtandaoni?